KUACHA POMBE SI KAZI YA MTU MMOJA
Jinsi ya kutafuta kikundi cha kuegemea, na la kufanya kama hakuna

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Tumekwisha kuzungumza juu ya maji, mbuzi wa maziwa, merigoraundi na vitabu vya hesabu. Leo tunaomba tuguse jambo ambalo limo katika vikundi vyetu vyote lakini haliandikwi katika ajenda. Ni habari ya mwenzetu anayetaka kuacha pombe.

Angalieni, tumesema anayetaka kuacha. Juu ya yule anayekunywa tunajua kusema sana. Katika kumbukumbu za mikutano yetu ameandikwa: amekuja amelewa, faini. Hakuleta mchango, faini. Mara ya tatu, afutwe. Lakini siku moja mtu huyo huyo anaamka asubuhi na kusema moyoni, "Nimechoka." Siku hiyo anakwenda kwa nani? Njia ya baa anaijua. Kwa mama pima anajua hata gizani. Je, mlango wa kuacha uko wapi, na ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu? Hilo ndilo swali letu.

NI WANGAPI KATI YETU?

NACADA, shirika la serikali linaloshughulikia pombe na dawa za kulevya, lilifanya uchunguzi nchini mwaka 2022. Lilikuta kwamba kati ya watu 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja amefungwa na pombe. Basi kijiji chenye watu 200 wa umri huo, hao ni kama 10. Vijiji havilingani, hiyo ni kweli. Lakini hebu kila mmoja ahesabu kimya kimya juu ya kijiji chake, bila kutaja jina.

Kunywa ni jambo moja na kufungwa ni jambo lingine. Waganga wana maswali manne mafupi ya kumsaidia mtu ajipime:

1. Je, umewahi kuona kwamba inafaa upunguze kunywa?
2. Je, umewahi kukasirika watu wakisema juu ya kunywa kwako?
3. Je, umewahi kuona haya au kujilaumu kwa sababu ya pombe?
4. Je, umewahi kunywa asubuhi, mara tu ulipoamka, ili mikono itulie?

Anayejibu ndiyo mara mbili au zaidi, inafaa aende akazungumze na mtu wa afya. Maswali haya si ya kumhukumu jirani. Ni ya mtu kujiuliza mwenyewe.

Na kungoja kuna hatari yake. Mwaka 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Februari 2024 watu zaidi ya 10 walikufa katika kaunti ya Kirinyaga, kijiji cha Kangai, kwa pombe yenye sumu. Methanoli haionekani kwa macho. Mtu anaweza kulala akiwa mzima, na kesho yake macho yanaingia ukungu, tumbo linauma na pumzi inakuwa nzito. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, asiambiwe alale ulevi uishe.

WATU WAWILI NA SIMU MOJA

Wengine wenu mtasema, "Sisi hatuna kikundi cha watu wa kuacha pombe. Hivyo ni vya mjini." Sasa sikilizeni jinsi kikundi kinachojulikana kuliko vyote kilivyoanza.

Ilikuwa Mei 1935, mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Mtu mmoja, Bill Wilson, alikuwa mfanyabiashara wa hisa kutoka New York. Pombe ilikuwa karibu kummaliza. Alikuwa ameiacha kwa miezi michache tu. Shughuli iliyompeleka Akron ikaharibika, akabaki peke yake hotelini, mji asioujua, moyo umevunjika. Upande mmoja wa ukumbi kuna baa na watu wanacheka. Upande mwingine kuna simu na orodha ya makanisa ya mji.

Akaenda kwenye simu. Alimpigia kasisi, na aliloomba ni kuonyeshwa mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Kwa kupitia mtu na mtu, akafikishwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye naye alikuwa ameshindwa na pombe miaka mingi. Daktari alikubali kuja kwa robo saa tu. Walikaa saa kadhaa. Wote wawili waliona kitu ambacho hawakupata kwa wahubiri wala kwa waganga: hapa nazungumza na mtu anayenijua bila kuelezwa.

Daktari huyo alirudia pombe mara moja baada ya hapo. Bill hakumfukuza. Tarehe 10 Juni 1935 daktari akanywa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, maana yake Walevi Wasiotajwa Majina. Kisha wale wawili wakaenda hospitali kumtafuta wa tatu. Leo mikutano yao iko katika nchi nyingi, na hapa Kenya pia iko Nairobi na miji mingine.

Tunataka mshike mambo mawili katika habari hiyo. Kwanza, kikundi kilianza na watu wawili, bila cheti na bila jengo. Pili, yule aliyeanguka mara moja ndiye aliyekuwa nguzo baadaye.

KWANZA, AFYA

Kabla ya kutafuta kikundi, kuna onyo ambalo tunaomba mlipeleke katika kila nyumba. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikatize ghafla peke yake nyumbani. Mwili umezoea. Katika siku ya kwanza anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza wengine hushikwa na kifafa. Siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu au watu wasiokuwapo, na moyo kwenda mbio. Hali hiyo inaweza kuua.

Majirani wakiona hivyo husema amerogwa, au ana mapepo. Sivyo. Ni mwili unaodai pombe, na hospitali ziko dawa za kumvusha salama katika siku hizo. Kwa hiyo mpango uwe huu: zahanati au hospitali kwanza, kikundi kinamngoja mlangoni. Msimfungie mtu chumbani "mpaka itoke."

Wengine watapelekwa kituo cha kurekebisha, kile ambacho vijana wanaita rihabu. Ni vizuri, kama familia inaweza. Lakini huko mtu hukaa miezi michache, mara nyingi mitatu, halafu anarudi. Anarudi wapi? Kwenye njia ile ile, marafiki wale wale, siku ya soko ile ile. Familia imeuza ng'ombe ili alipiwe, na wiki mbili baadaye amelala mtaroni. Watu wanasema pesa zimepotea bure. Sisi tunasema kazi ilikatizwa nusu, kwa sababu kijijini hapakuwa na mtu wa kumpokea.

KIKUNDI KINATAFUTWA WAPI?

1. Pigeni simu namba 1192. Ni ya NACADA, haina malipo, mchana na usiku. Mwambieni anayejibu mko kaunti gani na mji gani ulio karibu. Anayepiga si lazima awe mnywaji. Mke, mama au mwenyekiti wa kikundi anaweza kupiga.

2. Ulizeni katika hospitali ya kaunti au kaunti ndogo, upande wa afya ya akili. Msiishie mapokezi. Ulizeni muuguzi au mshauri anayeshughulikia watu wa pombe. Hospitali ya Mathari, Nairobi, inajulikana kwa kazi hii, lakini nesi wa karibu anaweza kujua mkutano ulio karibu.

3. Mwoneni mhudumu wa afya ya jamii. Huyu anapita nyumba kwa nyumba. Mara nyingi anajua nani ameacha na nani anajaribu.

4. Ulizeni makanisani, na si kanisa lenu peke yake. Ukumbi wa kanisa fulani unaweza kuwa unakutanisha watu hawa kila wiki, na ninyi wa kanisa la pili hamna habari. Kadhalika ulizeni msikitini. Pombe haiulizi dhehebu.

5. Mtafuteni mtu mmoja aliyekwisha kuacha. Hii ndiyo njia tunayoiamini kuliko zote. Kila kata ina mtu ambaye zamani alikuwa akilala njiani na leo ana ng'ombe wake na watoto wako shule. Nendeni kwake kwa heshima. "Mzee, tumekuja kukusalimu. Kuna kijana wetu anatafuta mtu wa kutembea naye." Wengi hawajawahi kuulizwa.

Kama mkutano uko mbali, mjini, mtu aende hata mara moja kwa mwezi, na wiki zilizobaki azungumze kwa simu na mmoja wa watu wa huko. Nauli ya mara moja kwa mwezi si kitu ukipima na pesa za baa za wiki moja.

UTAJUAJE KIKUNDI KIZURI?

Kikundi kizuri hakidai pesa za kuingia. Watu wa Alcoholics Anonymous hawatozi ada, wanachanga wenyewe kidogo cha chai na cha ukumbi. Wanachohitaji kwa anayeingia ni hamu ya kuacha kunywa, basi. Kinachosemwa ndani kinabaki ndani. Kila mtu husema juu yake mwenyewe, si juu ya mwenzake. Wa zamani wapo pamoja na wapya. Na hakimkatazi mtu dawa alizopewa hospitali.

Kikimbieni kikundi kinachoahidi kuponya kwa siku saba, kinachouza dawa ya kuwekwa kwenye chai kwa siri, kinachofunga watu kwa kamba au kuwapiga, au kinachosimamisha watu mbele ya umati ili watubu kwa lazima.

Na kina mama wanaokunywa? Wapo. Wao hujificha zaidi kwa sababu aibu yao hufanywa kubwa zaidi. Mama hawezi kusema yote mbele ya shemeji yake. Pakiwa na kina mama wawili, wapeni siku yao na mahali pao.

KAMA HAKUNA, ANZENI NA WAWILI

Tumesema wawili wanatosha. Ninyi mnajua kuendesha vikundi kuliko watu wengi. Lakini kikundi hiki ni tofauti kidogo na merigoraundi, kwa hiyo angalieni haya.

Mahali: Darasa la shule, ukumbi wa kanisa, au nyumba ya mtu anayeheshimiwa. Pasiwe karibu na baa, wala mahali ambapo kila anayepita anahesabu walioingia.

Saa: Kwa sheria ya pombe ya mwaka 2010, baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana Jumamosi na Jumapili. Wekeni mkutano saa ile ile. Wauza chang'aa hawana saa, tunajua, lakini miguu ya mnywaji ina saa yake. Siku nzuri ni ile ya hatari: siku ya soko, siku ya mshahara, siku pesa za majani chai zinapoingia.

Utaratibu: Saa moja inatosha. Salamu, kila mtu kwa jina moja tu. Mmoja anakumbusha kanuni: siri, hakuna kumkata mtu maneno, hakuna kuhubiriana. Kila mmoja anasema wiki yake ilikuwaje. Asiyetaka kusema asikilize tu. Mwisho mnapanga nani atatembea na nani wiki hiyo, mnakunywa chai au uji, mnakwenda nyumbani pamoja mpaka mpite baa.

Simu: Kila mtu awe na namba ya wenzake wawili. Kanuni ni kupiga kabla ya kunywa, si baada.

Kazi moja tu: Msichanganye na mikopo, siasa wala uchaguzi wa kanisa. Pesa zikiingia, ugomvi unaingia, na anayeumia kwanza ni yule mgeni wa juzi.

Mtunza hazina wa kikundi hiki awe na kazi ya kununua majani ya chai na sukari, hana zaidi.

AKIRUDIA POMBE

Ataanguka mtu, na tunawaambia mapema ili msikate tamaa. Amekaa miezi minne vizuri, kukawa na matanga, akanywa. Kesho yake anaona aibu kuja. Kikundi kikinyamaza, amepotea. Wawili waende kwake asubuhi akiwa hajanywa, si usiku akiwa amelewa. Wasiulize kwa nini. Waseme, "Mkutano uko kesho, tutakupitia." Kama ameanza tena kunywa kila siku, arudi hospitali kabla ya kukatiza.

Miezi minne aliyokaa haikufutika. Watoto walikula miezi hiyo minne.

VIKUNDI VYETU VIFANYE NINI?

Sasa turudi kwenu, vikundi vya kujisaidia. Tunaomba mambo manne.

La kwanza, faini. Mtu akija amelewa, mkutano hauwezi kuendelea naye, hiyo ni haki. Apelekwe nyumbani. Lakini anayekwenda hospitali au kwenye kikundi cha kuacha pombe, jina lake lisifutwe. Mwekeeni nafasi yake kwa muda mtakaokubaliana.

La pili, zamu yake ya pesa. Kumpa mtu wa mwezi wa kwanza shilingi elfu ishirini mkononi ni kumpeleka baa. Lakini kumnyang'anya pia ni dhuluma. Muulizeni yeye mwenyewe, akiwa mzima, pesa ziende wapi: karo ilipwe shuleni, mabati yanunuliwe dukani. Aandike na kutia sahihi.

La tatu, mke na watoto. Mwaka 1951 huko Marekani wake na jamaa za walevi walianzisha kikundi chao, Al-Anon, kwa sababu waliona kwamba nao wameumia na wanahitaji watu wao. Mume hata asipoacha, mke anahitaji mahali pa kusema bila kuambiwa, "Ni wewe unayemsumbua." Jumuiya za kina mama zinaweza kufanya hivi hata wiki hii.

La nne ni gumu, na hapa tuseme ukweli. Katika vikundi vyetu wamo kina mama wanaopika busaa na chang'aa. Mchango wao wa kila wiki umetoka kwenye pipa, na sisi tumeupokea tukaandika kitabuni. Kwa mchango huo huo tumenunua viti na matangi ya maji. Wengi ni wajane, au wameachwa na mume yule yule aliyemalizwa na pombe. Baba mmoja akiacha, mama huyu amepoteza mnunuzi. Wakiacha kumi, watoto wake hawatakuwa na karo. Je, tutamwambia nini? Kumwitia chifu usiku na kula mchango wake mchana si haki.

Tunapendekeza hivi: zamu ya mikopo ikifika, mpika pombe anayetaka kuacha kupika apewe mbele ya wengine, na miezi ya kwanza ya kulipa iwe mirefu. Kuku, vitunguu, kushona, mandazi ya shule, yeye mwenyewe atachagua. Biashara hizo hazileti pesa haraka kama pipa, na anajua. Kwa hiyo kikundi kimwahidi kununua kwake. Msipofanya hili, mtakuwa na kikundi cha kuacha pombe upande huu wa barabara, na upande wa pili mwanachama wenu anayeomba Mungu kikundi hicho kivunjike.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kutoka hapa kijijini, mtu anayetaka kuacha pombe leo atatembea mwendo gani kabla ya kupata wa kumsaidia?
2. Katika miaka miwili iliyopita tumefuta wangapi kwa sababu ya ulevi? Wako wapi sasa?
3. Je, tunamjua mtu mmoja aliyeacha ambaye anaweza kuombwa atembee na mwingine?
4. Ni wanachama wangapi wanategemea kupika pombe, na kikundi kinaweza kuanza na nani?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watu wawili, mama mmoja na baba mmoja. Wapige 1192, waende hospitali iliyo karibu, na waulize makanisani. Walete karatasi moja yenye mambo matatu: mahali, siku na saa. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ukumbi, zahanati na posho mili, bila jina la mtu yeyote. Na kama watarudi waseme hakuna, basi watafute wale wawili wa kuanza nao.

Sasa mgawanyike katika vikundi vya watu sita sita, mwanze na swali la pili.